Misimu Kumi na Saba Nje ya Ukuta

Jumamosi, 4 Ordibehesht

Mahrokh ametangaza. Wakati wa chakula cha mchana, kati ya wali na mtindi, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Ijumaa ni mechi yake ya mwisho. Ana miaka thelathini na tatu, goti la kushoto limechoka, na shule anayofundisha inamtaka muda wote. Basi. Mama yake, Tuba, alilia kidogo, kisha akamwongezea wali. Mimi nilisema ni uamuzi wa busara. Halafu nikaenda kufungua friji nikasimama mbele yake bila kutaka kitu.

Misimu kumi na saba! Nahodha wa Nakhl, timu pekee ya mji wetu katika ligi kuu ya wanawake ya taifa. Na mimi, baba mzazi, sijawahi kumwona akigusa mpira hata mara moja. Mechi za wanawake huingia wanawake tu. Televisheni haionyeshi. Simu hukusanywa mlangoni ndani ya beseni. Kwa hiyo kila Ijumaa ya mechi ya nyumbani naoka biskuti zangu za kolompe mpaka saa tisa, nafunga duka, na mikono yangu ya unga naenda kusimama nje ya ukuta wa kusini, chini ya mforsadi. Nasikiliza. Hiyo ndiyo mechi yangu.

Tuba huingia. Akitoka namuuliza mpira ulikuwaje. Anajibu, "Amekimbia vizuri." Miaka kumi na saba, ripoti ni hiyo hiyo!

Kisa chenyewe kilianza kwa tarofu, ile adabu yetu ya kusema kinyume cha unachotaka. Mahrokh alikuwa na miaka kumi na sita alipokuja kuniomba ruhusa ya kucheza. Nikamwambia, ruhusa ni yako, mwanangu, mimi ni nani? Kila mtu mwenye akili hapa kwetu anajua kwamba maneno hayo maana yake ni hapana. Yeye akanibusu mkono akaenda kununua viatu. Nilinuna mwezi mzima. Sasa namshukuru Mungu kwamba mtoto hakunielewa.

Azimio: Ijumaa nitamwona. Kwa macho yangu haya mawili.

Jumapili, 5 Ordibehesht

Mpango wa kwanza. Nimekwenda uwanjani kumwona Bi Farangis, msimamizi wa lango, mwanamke mwenye funguo nyingi kuliko milango ya mji huu. Nimemweleza kwa unyenyekevu kwamba Ijumaa nakusudia kuwaletea wachezaji kolompe za mapumziko, sahani themanini, na kwa kuwa ni biskuti laini za tende, zinavunjika ovyo, itabidi mwokaji mwenyewe azifikishe mpaka kwenye benchi.

Alisema Mungu akuzidishie, Bwana Esfandiyar, mkono wako usiumie. Akasema sampuli niliyoshika aipokee mara moja. Mlango ukafunguliwa kiasi cha upana wa sanduku. Sanduku likaingia. Mlango ukafungwa. Ijumaa nazo, alisema kutoka ndani, itakuwa vivyo hivyo.

Mpango wa kwanza na nusu. Kama siwezi kuingia, basi angalau Tuba aone kwa niaba yangu. Mchana nimepanga kolompe ishirini na mbili juu ya kitambaa cha mezani, kumi na moja huku na kumi na moja kule, nikamfundisha beki ni nani, kiungo ni nani, atazame nini na anikumbukie nini. Alisikiliza vizuri. Nilipogeuka kuchukua chai akala beki wa kulia. Nikamuuliza sasa pengo lile litazibwa na nani. Akasema kama beki wenyewe wana njugu ndani, mwenye kosa si yeye.

Jioni nikakutana na Qodrat. Huyu ni baba wa kipa wetu, mstaafu wa reli, mwenzangu wa ukutani. Anajidai anaijua mechi yote kwa sauti. Kelele fupi, kona. Kelele ndefu, bao. Kimya, tunatawala mchezo. Akanichokoza kama kawaida yake, mzee mwenzangu, je, Mahrokh Ijumaa atatutupia tena mpira nje, au ataaga kwa adabu?

Hili linaniuma na sijawahi kuliandika. Kila mechi ya nyumbani, kipindi cha pili, mpira mmoja huruka ukuta na kuanguka pale pale penye mforsadi. Na kila mara nasikia wanawake ndani wakilalamika, Aa, Mahrokh! Qodrat hucheka mpaka akakohoa. Beki gani huyu, husema, ana ugomvi na ukuta? Mimi huuokota, huurudisha haraka, hutazama kwingine. Binti yangu sijapata kumuuliza. Aibu ya mtoto mzazi huifunika, haifunui.

Jumatatu, 6 Ordibehesht

Mkono mtupu haulambwi. Nimechukua sanduku la kolompe bora, zile nilizozigonga muhuri wa mbao wa marehemu babu, nikaenda nyumbani kwa adui yangu.

Haji Rajabali. Anaoka kolompe ng'ambo ya barabara, anatia iliki nyingi kuficha tende mbovu. Nyumba yake ina ghorofa tatu, iko ubavuni mwa uwanja, na paa lake ndilo pekee linaloona nyasi. Hatusemezani mwaka wa sita huu. Chanzo: matanga ya mwalimu wetu wa Kurani. Mlangoni nilimwambia, tafadhali Haji, tangulia. Akasema, haiwezekani, tangulia wewe. Nikasema, wallahi wewe. Akatangulia! Mara ya pili tu! Mbele ya watu arobaini!

Leo alinipokea kama ndugu aliyetoka vitani. Chai. Donge la sukari la kuuma. Akaonja kolompe yangu akasema si mbaya. Nikazungumzia joto, nikazungumzia bei ya unga, mwishowe nikasema, kama kwa bahati tu, kwamba Ijumaa binti yangu anaaga ligi.

Haji akaweka bilauri chini. Akasema, Esfandiyar, nyumba hii ni yako, Ijumaa panda juu ya paa ukamwone mwanao. Moyo wangu ukaruka! Nikasema, hapana Haji, nisikusumbue. Akasema, usumbufu gani, njoo na kiti chako. Nikasema, haiwezekani, mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu. Akasema mara ya tatu, akaapa kwa kaburi la mama yake. Nikasema, hapana kabisa, nitaona haya.

Nikangoja ya nne. Mtu akikataa mara tatu, muungwana humkaribisha mara ya nne, na hapo ndipo unapokubali ukiinamisha kichwa. Haji akanywa chai yake. Akafuta masharubu. Akasema, haya, kama hutaki.

Kama sitaki! Kisebusebu na kiroho papo, ndiyo mimi niliyekaa pale nikitabasamu. Nimerudi nyumbani kwa mguu na sanduku tupu. Tuba ameniuliza mbona uso umesawijika. Nimemwambia ni iliki ya Haji.

Jumanne, 7 Ordibehesht

Joto limeanza. Asubuhi nimewaona majirani wamepanda juu ya mapaa yao, wanatoa vipoza hewa usingizini, wanabadili nyasi kavu zinazoloweshwa ili upepo upoe, wanafungua maji. Mwezi huu mwanamume akionekana juu ya paa na bisibisi mkononi hakuna anayemuuliza swali. Nikasimama katikati ya barabara nikapigiwa honi. Wazo hilo!

Nikavuka moja kwa moja mpaka dukani kwa Haji. Nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba tumeishi kwa kinyongo miaka sita na sasa basi. Kwa ajili ya kupatana, Ijumaa nitakuja kumtengenezea kipoza hewa chake, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Akasema, haiwezekani, wewe ni mgeni wangu. Nikasisitiza. Akasema, Mungu apishie mbali. Nikasisitiza. Akakataa mara ya tatu, jasho likimtoka, maana wateja walikuwa wamenyamaza wote. Nikasisitiza mara ya nne! Akainamisha kichwa.

Kwa silaha ile ile aliyonichoma nayo. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumatano, 8 Ordibehesht

Kuna tatizo dogo. Sijui kutengeneza kipoza hewa.

Chetu miaka yote hutengenezwa na shemeji yangu. Leo nimepanda kujifunza. Nimetoa mbao za pembeni, nimetia nyasi mpya, nimefungua maji, nimewasha pampu. Maji yakaenda. Hayakwenda yanakotakiwa. Tuba alikuwa chini anasali. Anasema alidhani ni rehema mpaka lilipomwangukia tope la mwaka jana.

Zulia la mahari yake liko kwenye kamba. Ameniuliza kwa upole, ule upole unaotisha, ninatafuta nini juu ya mapaa nikiwa na umri wa miaka hamsini na tisa na moyo uliofanyiwa matengenezo msimu wa baridi uliopita. Nimesema natafuta hewa. Mwanamke huyu husema machache, lakini kimya chake kina masikio.

Nimekaa ngazini nikiwaza. Namjua Mahrokh akiwa mgonjwa, namjua akiwa na njaa, najua anavyokunja soksi. Wanawake mia nne wa mji huu wanamjua akiwa na mpira. Wananipongeza sokoni, baba wa nahodha, binti yako jana alikuwa moto! Nami naitikia kama ninayejua wanasema nini. Nimeitikia hivyo miaka kumi na saba. Nimechoka kuongopa kwa kichwa.

Alhamisi, 9 Ordibehesht

Hali ilivyo, kwa mujibu wa Qodrat: tukipata sare kesho tunabaki ligi kuu. Tukifungwa tunashuka daraja. Wapinzani ni Nasim ya Qazvin, wasichana warefu.

Mahrokh alikula kidogo usiku. Nilipokuwa natoa sahani akaniuliza, Baba, kesho utakuwepo pale kwenye mforsadi, si ndiyo? Nikasema nitakuwa wapi tena. Akasema, pale pale? Nikasema pale pale. Akasema sawa. Kisha akarudi tena mlangoni akaniuliza kama nimekunywa dawa ya moyo.

Ana wasiwasi wa mechi, maskini. Nimemdanganya usoni na sikujisikia vizuri. Lakini ni uongo wa siku moja tu, na wenyewe utanipa kitu cha maisha. Nitamwambia baadaye, atacheka.

Ijumaa, 10 Ordibehesht

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tisa kamili nimefika kwa Haji na bisibisi, koleo na mfuko wa nyasi kavu. Sikuoka leo, nilimwachia Tuba duka mpaka wakati wa kwenda uwanjani. Haji akanipandisha paani. Nyuma ya kipoza hewa nikakuta kigoda. Mto wa kukalia. Birika. Bakuli la mbegu za alizeti. Maganda ya mbegu yamejaa mpaka kwenye ukingo wa paa, mengine yamepauka kwa jua la miaka.

Nikamtazama Haji. Akatazama nyayo zake. Kisha akasema kwamba yeye anapenda mpira tu, hana nia mbaya, Mungu shahidi, na kipoza hewa hiki kinaharibika kila Ijumaa ya mechi mwaka wa tisa sasa.

Miaka tisa! Jumatatu alinikaribisha kwa dhati, mjinga mimi! Nikataka kumrushia koleo. Ndipo akasema, Esfandiyar, beki kama binti yako hawajazaliwa wawili. Nikakaa kwenye mto.

Nikamwona.

Jezi ya zambarau, nambari nne, kilemba cheusi kimefungwa barabara. Nilimtambua kabla hajageuka, kwa bega. Nyumbani ni mtu wa sauti ya chini. Pale alikuwa anapaza sauti, ananyoosha mkono, na wasichana wenye miguu kama milingoti wanakwenda anakowatuma. Mshambuliaji wao mmoja alikuja mbio na mpira, na Mahrokh hakumkimbilia. Alirudi nyuma taratibu, akamngoja, akamngoja, mpaka yule akakosa la kufanya, akamnyang'anya kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikauma kidole. Haji akanisukumia mbegu akasema, bado, hujaona kitu.

Alicheka. Kipa alimwambia neno akacheka, kichwa nyuma, meno yote. Kicheko hicho sijawahi kukiona mezani kwangu. Nililia. Nasema wazi kwa kuwa hili ni daftari langu. Nililia kwa furaha na kwa kijicho.

Dakika ya ishirini hivi ya kipindi cha pili Haji akanigusa goti. Akasema, sasa tazama, atapiga mpira nje. Nikasema nje vipi, amebanwa na nani? Akasema hakuna aliyembana, ndiyo mtindo wake, kila mechi ya nyumbani mara moja. Yeye kwa miaka tisa anadhani ni nadhiri.

Na kweli. Mpira ulikuwa mguuni mwake. Hapakuwa na mpinzani hata hatua kumi. Aliinua uso, akatazama ukuta wa kusini, akapima, akaupiga juu, safi, taratibu, kama mtu anayeweka sahani mezani. Ukatua kwenye mforsadi. Wanawake wakasema, Aa, Mahrokh!

Pale kwenye mforsadi ninasimama mimi.

Mpira ukarudi. Qodrat aliurusha. Mahrokh akaudaka. Akaugeuza. Akaugeuza tena, upande huu na upande huu, akaupangusa kwa kiganja, akatazama kiganja. Hapakuwa na unga. Mimi huurudisha na alama za vidole vyangu vyeupe, kila mara, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaziangalia. Mwamuzi akapuliza filimbi awape wapinzani warushe. Hakuwapa. Alisogea ukutani, akasimama ameuweka mpira tumboni, anatazama matofali. Kutoka juu nilimwona akisema kitu. Sikusikia, lakini mdomo wa mwanao akisema Baba utaujua hata ukiwa angani.

Nilifanya nini? Ningefanya nini! Nikasimama juu ya kigoda nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua kilichotengenezwa, "Mahrokh! Niko hapa juu! Mzima!"

Wanawake mia nne wakageuza shingo. Haji Rajabali akajilaza kifudifudi kwenye maganda. Filimbi ikalia ndefu.

Kamisaa wa mechi, mwanamke mfupi mwenye kalamu, akasimamisha mchezo. Mwanamume kwenye paa! Akasema mpira hautachezwa mpaka mapaa yawe matupu, na taarifa ataiandika. Bi Farangis akaja chini ya nyumba na funguo zake, akamwamuru na Haji ashuke kwenye paa lake mwenyewe. Haji aliniambia ngazini maneno ambayo sitayaandika. Moja tu: kwamba kwenye matanga yale alitangulia kwa sababu alinijua mimi ni mtu wa kuziba njia.

Nilizunguka uwanja mzima kwa mguu mpaka ukuta wa kusini. Njiani nilisikia kelele fupi. Kisha kimya. Nikamkuta Qodrat ameketi chini ya mforsadi, mtulivu, macho kafumba. Nikamuuliza hali. Akasema sifuri sifuri, na sikiliza kimya hicho, tunatawala mchezo. Nikamuuliza ana hakika. Akasema je, reli nilifanya kazi miaka thelathini au sikufanya?

Tukangoja. Dakika zote zile zilizopotea kwa ajili yangu zikaongezwa mwisho. Na ndani ya dakika hizo, lo, mpira ukaruka ukuta! Ukanidundia miguuni.

Nikauokota. Nikafikiri haraka, na hii ndiyo sifa yangu. Sare inatutosha. Mpira wa akiba walikuwa wameutoboa kwenye seng'enge kipindi cha kwanza, Qodrat alisikia mlipuko. Yaani ligi kuu nimeishika mimi mikononi. Kila sekunde ninayoukumbatia ni ya Nakhl.

Sauti ya Mahrokh ikatoka nyuma ya matofali, karibu kabisa. Baba, rudisha mpira! Nikamkonyeza Qodrat. Tarofu! Lazima aseme hivyo, mwamuzi anamsikia. Mara ya pili, Baba, tafadhali, rudisha! Nikajisemea, mwanangu huyu, anavyojua adabu. Nikaukumbatia zaidi. Mara ya tatu alilia kabisa:

"Baba, tumefungwa! Moja bila! Tupe mpira!"

Nikaurusha kama ninayetupa moto. Nilisikia ukidunda ndani. Nilisikia mguu ukiupiga. Nikasikia filimbi tatu.

Qodrat alifumbua macho. Akasema basi kile kimya kilikuwa cha aina nyingine.

Walitoka mmoja mmoja. Mahrokh alikuwa wa mwisho, begi begani, goti limefungwa bendeji. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumamosi, mambo makubwa, ya baba aliyeona. Akaniuliza, ulikuwa paani tangu mwanzo? Nikasema tangu mwanzo. Akaniuliza, kwa hiyo umeniona? Nikasema nimekuona. Akasimama akangoja, macho yake mekundu yananitazama. Nikasema, "Umekimbia vizuri."

Tuba alifunika mdomo kwa ncha ya baibui. Mahrokh alinitazama. Kisha akacheka, kichwa nyuma, meno yote, pale pale barabarani, na machozi yanamtiririka.

Jumamosi, 11 Ordibehesht

Nakhl imeshuka daraja. Mjini hakuna anayenunua kolompe kwangu wala kwa Haji. Tumepatana kwa lazima.

Asubuhi Tuba alikuwa anafua ile jezi ya zambarau, peke yake katika beseni. Akanionyesha ubavu wake wa kulia, kitambaa kimefifia. Akasema, hapa ndipo hupangusa unga wa mpira wako. Miaka yote hii. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema alidhani najua. Akasema yeye na Mahrokh walidhani mimi ndiye ninayetia unga makusudi.

Nimekaa sana na neno hilo. Nilitaka kuona. Kumbe miaka kumi na saba nilikuwa mchezaji, pasi moja kila mechi, na siku niliyokwenda kutazama ndiyo siku niliyokosekana uwanjani. Kama nisingesimama kwenye kigoda? Kama ningerusha mpira mara ya kwanza alipoita? Nimepiga hesabu ya sekunde, sitaiandika.

Mchana Mahrokh akaja jikoni akaegemea friji. Alisema nahodha haachi timu ikiwa chini. Atacheza msimu mmoja zaidi, kuirudisha juu, goti likitaka lisitake. Kisha akasema, Baba, wewe simama mahali pako tu. Hakuna kingine ninachotaka. Nikaapa. Nimeapa kwa muhuri wa babu, kwa mkate, kwa tanuri. Sitaondoka kwenye mforsadi. Nililia tena, mbele yake safari hii.

Jumatatu, 20 Ordibehesht

Haji ameamriwa ainue ukingo wa paa lake kwa matofali, urefu wa mtu na nusu. Nilimsaidia kubeba. Tulipofika juu nikaona kitu ambacho siku ile, kwa kumtazama Mahrokh, sikukiona. Nyuma ya goli la kaskazini, mitaa miwili kwenda mbele, liko tangi la maji la mji. Refu. Lina ngazi ya chuma na kibaraza cha kuzunguka. Kwa mbali mno mtu hawezi kutambuliwa, na Haji ana darubini ya marehemu mkwewe.

Nilikwenda kulitazama tu. Kutazama si dhambi. Mlinzi wake ni mtu mwema wa Jiroft, akanikaribisha nipande nione mandhari. Nikakataa mara tatu. Akarudi kumwagilia mnanaa wake! Kesho nitamrudia na sanduku.

Kiapo nimekitafakari kwa makini. Niliapa kwamba mahali pale hapatakuwa patupu. Jioni nimemwita Qodrat dukani, nikampa mfuko mdogo wa unga, ule mwororo wa kolompe, nikamwonyesha namna ya kuupaka viganjani kabla ya kuushika mpira. Amejaribu mara mbili kwenye tikiti maji. Vidole vyake ni vinene kuliko vyangu kidogo, lakini akiushika kwa wepesi Mahrokh hatagundua.